Kiatu cha shule: tutazame soli kabla ya rangi

Masomo yanaanza tena mwanzoni mwa Septemba. Sisi walimu tunajua kinachofuata kiatu kikipasuka kabla ya Noeli: mtoto anaona haya, anabaki nyumbani siku mbili tatu, na somo linampita. Kwa hiyo juma hili tunaangalia viatu aina kwa aina, ili pesa ya mama isipotee.

Kambambili. Ni mpira mwepesi wenye kamba inayopita kati ya kidole gumba na cha pili. Ni za nyumbani na za kuogea. Kisigino hakishikwi na kitu, na kwenye mawe ya volkano hapa Goma mguu unateleza na vidole vinaumia.

Sandali za plastiki. Zina mkanda na kifungo. Maji yakiingia yanatoka, na zinakauka haraka. Lakini ukingo wake mgumu unachubua ngozi, basi mtoto avae soksi.

Viatu vya kufunga. Vinafunika mguu wote. Kuna vya ngozi na vya simili. Tazama mahali palipokatwa, kwa ndani: simili inaonyesha kitambaa chini ya rangi, ngozi haionyeshi. Simili inabambuka pale kiatu kinapokunjika. Kisha tazama soli: iliyoshonwa inadumu kuliko iliyobandikwa kwa gundi tu.

Basketi. Ni laini, nzuri kwa michezo. Lakini soli laini inaliwa upesi na mawe, na zikilowa zinachelewa kukauka.

Buti za mpira. Ni za shamba na matope. Zinakinga mguu na minyoo ya safura, ambayo inapenya ngozi ya anayetembea peku kwenye udongo mchafu. Lakini hazipitishi hewa. Mtoto akizivaa kutwa, jasho linaleta fangasi kati ya vidole.

Sasa tuje kwenye namba. Wengi wetu tunanunua kiatu kikubwa ili mtoto akue nacho. Kwa namba za Ulaya, ambazo ndizo tunazozizoea sokoni, kila namba inaongeza karibu milimita 7. Namba 3 zaidi ni sentimita 2 nzima! Mguu unaelea ndani, mtoto anajikwaa, na kiatu kinapasuka kabla hajakifikia. Nafasi inayotosha mbele ya vidole ni sentimita 1 hivi, upana wa kidole kidogo cha mama.

Pima jioni, kwa sababu mguu unavimba kidogo mchana. Mtoto asimame juu ya kartoni, chora miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Kata mchoro mkubwa, uende nao sokoni, uuingize ndani ya kiatu. Ukikunjika, kiatu ni kidogo.

Na vikundi vyenye likelemba vinaweza kuongeza jambo moja. Mwezi wa Agosti, kila mama alete viatu vinavyowabana watoto wake. Pindueni soli kwanza: iliyoliwa upande mmoja itapindisha mguu wa mtoto mwingine, hiyo muiweke kando. Vilivyobaki vioshwe, vianikwe juani, vigawanywe kwa namba. Mama mwenye watoto wanne akipata jozi mbili hapo, atabaki na jozi mbili tu za kununua.