Mpenzi Wako Yuko Masomoni Ng'ambo? Usimnunulie Insha!

Mwezi huu tuongelee mapenzi na insha. Usicheke! Nimeona ndoa ikiyumba kwa sababu ya insha ya kurasa nane, tena ya Kiingereza.

Rafiki yangu wa siku nyingi anaishi na mumewe Mpanda, mkoani Katavi. Alipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uingereza, akamwachia baba watoto nyumba na watoto wawili. Mtihani wa lugha wa IELTS alishaufaulu, akajua Kiingereza si tatizo tena. Kumbe! Sehemu ya kuandika ya IELTS ni dakika 60, na insha yake kubwa inataka maneno kuanzia 250 tu, bila kurejelea kitabu chochote. Chuoni wanataka maelfu ya maneno, na kila dai uonyeshe umelitoa wapi.

Insha yake ya kwanza ilihusu tembo na wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Akaanza na mkoa ulivyomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, akapitia reli ya Tabora, akasifia viboko weee! Insha ikarudi imefeli, na swali moja pembeni: unadai nini hasa?

Alilia. Kwake ilikuwa saa tatu usiku, Mpanda saa sita, akampigia mumewe. Mume, kwa upendo wote, akasema, "Mama watoto, nakutumia hela, tafuta mtu akuandikie."

Hakuwa anaota. Nairobi kuna vijana kibao wenye digrii wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Yaani Kiingereza cha chuo tunawauzia sisi wenyewe! Lakini huko England sheria ya mwaka 2022 imefanya kuuza huduma hiyo kuwa jinai, na mwanafunzi akibambwa anaweza kufukuzwa chuo.

Mke akakataa. Mume akanuna, akaona msaada wake umedharauliwa. Siku nne hawakuongea zaidi ya "watoto wazima?" Ya nne, mke akatuma meseji: "Nikirudi na digrii ya mtu mwingine, utajivunia nani?"

Nimewasikiliza wote wawili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tatizo ni tulivyofundishwa. Shule za msingi za serikali tunasoma kwa Kiswahili, sekondari tunageuziwa Kiingereza, na mitihani inatuambia "taja na eleza." Ukitaja pointi tano, umepasi. Nani alituuliza: wewe unaonaje, na kwa ushahidi gani? Tena kwetu mtu haanzi na shida kabla ya salamu. Insha ya Kiingereza haina salamu. Inataka jibu lako mlangoni, aya ya kwanza, halafu kila aya ibebe pointi moja na ushahidi wake.

Siku ya tano mume akapiga mwenyewe. "Sahau Kiingereza. Niambie kwa Kiswahili, sentensi moja tu, unabishia nini?"

Mke akajibu papo hapo: "Kifuta jasho kikichelewa, mkulima anaona tembo ni wa serikali, si wake."

"Basi hiyo iweke juu!"

Wakabishana nusu saa, mume akijifanya mhadhiri: Nani kasema? Ushahidi uko wapi? Reli inahusu nini hapa? Reli ikatoka. Mke akaandika upya mwenyewe, akaipeleka kwenye kitengo cha chuo kinachowasaidia wanafunzi kuandika, huduma ya bure ambayo hakuwa anajua kama ipo. Akapasi. Si kwa alama za kutisha, lakini zilikuwa zake.

Kwa hiyo, wewe ambaye mwenzio yuko masomoni: usimnunulie insha, wala usimsukumie akili mnemba imwandikie. Mpe sikio na maswali matatu. Unadai nini? Umejuaje? Anayekupinga atasemaje? Yote yanaulizika kwa Kiswahili, kwa simu, hata ukiwa Mpanda.

Na ukinuna, basi usifikishe siku nne. Tukutane mwezi ujao!