"Siwati" si Msamiati Tu

Upo ufundishaji unaoliua shairi huku ukilisifu. Mwanafunzi huambiwa kwamba "wata" katika Kimvita ni "acha", hivyo "Siwati" ni "siachi". Huhesabu mizani, hupigia vina mstari, na kipindi kikaisha. Nani aliyekataa kuacha, alitakiwa aache nini, na msimamo huo ulimgharimu nini? Hayo huitwa siasa, yakawekwa kando.

Mtunzi ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, aliandika waraka *Kenya: Twendapi?* akiuhoji utawala wa Jomo Kenyatta. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, akatoka 1972. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyatunga gerezani, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilichapishwa 1973. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule.

Wanaodai kuwa fasihi isichanganywe na siasa watujibu: nani alianza kuzichanganya? Si mwalimu. Ni dola iliyomfunga mtu kwa maandishi yake. Wala Abdilatif hakukiona kifungo kuwa kisa kilichokwisha. Baada ya kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, alihamia London, na huko, miaka ya 1980, akashirikiana na wenzake kuwatetea wafungwa wa kisiasa wa Kenya ya Moi. Hakuwata.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya Wakenya. Hapa kwetu Shinyanga, mwaka 1976, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Kujiuzulu huko tunakusifu hadi leo, na kunastahili sifa. Lakini waliokufa ni nani anayewataja? Ni kosa lile lile la darasani: tunakariri umbo la tukio, tunasahau dhiki iliyolizaa.

Walimu wenzangu, fundisheni vina na mizani, maana ndivyo vilivyolibeba shairi. Ila kabla kengele haijalia, muulizeni mwanafunzi: mshairi hakuwata nini? Asipoweza kujibu, shairi hilo bado hajalisoma.