Tumbo Likiuma, Kumbuka Mshono wa Zamani

Mtu aliyepasuliwa tumbo, kovu likishapona na akarudi kwenye shughuli zake, huona yamekwisha. Tumbo likimsokota miaka kumi baadaye hushuku vidonda vya tumbo, minyoo au chango, na muuzaji wa duka la dawa naye haulizi. Mimi nasema swali la kwanza liwe la mshono. Tumbo likishafunguliwa, iwe kwa kidole tumbo au kwa kujifungua, ndani huota nyuzi za kovu zinazogandanisha matumbo. Wengi huishi nazo bila kujua. Ila utumbo ukinaswa na uzi mmoja tu, njia huziba, na hatari hiyo haiishi kwa kupita miaka. Huko Scotland, wagonjwa karibu 30,000 waliopasuliwa tumbo au viungo vya uzazi mwaka 1986 walifuatiliwa kwa miaka 10. Kati ya kurudi hospitali kulikohusishwa na kugandana huko, asilimia 22 tu ndiyo iliyotokea mwaka wa kwanza. Kwingine kuliendelea mwaka hadi mwaka.

Atauliza mtu: kwa hiyo kila tumbo likiuma tupange foleni hospitali, na nauli atoe nani? La. Msokoto unaoisha ukishakwenda chooni si wa kuutolea nauli. Wa kuogopa ni ule unaokuja kwa mawimbi pamoja na kutapika, hasa matapishi ya kijani, tumbo likajaa, choo kikagoma na hata upepo usitoke. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, bila kula, na bila dawa ya kuendesha, kwani kuusukuma utumbo uliofungwa ni kuutafutia kupasuka. Maumivu yakiacha kuja na kuondoka, yakakaa tu, pamoja na homa, au uvimbe kwenye kovu ukawa mgumu na kukataa kurudi ndani, utumbo huenda umekosa damu, na unaweza kufa ndani ya saa chache.

Wengine huchelewa kwa kuogopa kisu cha pili. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inawageukia: wengi wanaowahi hufunguka kwa dripu na mpira wa kupitia puani, bila kupasuliwa, na anayesubiri siku tatu ndiye hukatwa utumbo. Ukifika, taja upasuaji wako na mwaka wake hata usipoulizwa. Daktari anaweza asilione kovu: la uzazi mara nyingi hukaa chini kabisa, nguo ya ndani ikalificha.