Wikiendi ya kuamua

Mume wangu alipohamishiwa kikazi Mtwara, simu zetu zote zikawa zinaishia palepale: “Unakuja lini?” Na mimi nina kazi yangu Dar, jamani!

Ijumaa moja nikapanda ndege. Jumamosi akanipeleka Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 siku hizi ni hoteli. Livingstone naye alianzia Mikindani safari yake ya mwisho, mwaka 1866. Pazuri, lakini tulikunywa chai tumenuniana.

Jumapili tukaenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. (Gesi ya huku husaidia kuwasha taa zetu Dar, halafu sisi tunapaita mbali!) Watu huendesha magari juu ya mchanga wa ufukweni. La kwetu likanasa, na maji yanajaa.

Wakati vijana wa kijijini wamekwenda kutafuta mbao, tukakaa chini ya mnazi. Ndipo aliponiambia kuwa jioni huzunguka mjini bila sababu, anaogopa kurudi kwenye nyumba tupu. Nami nikamwambia ninachoogopa: kuitwa “mke wa fulani” katika mji ambao hakuna anayejua jina langu. Hakubisha. Akanishika mkono mpaka vijana waliporudi.

Nimerudi Dar na korosho kilo 2. Bosi, kama unasoma ukurasa huu, naomba tuonane ofisini kwako.