Waipa Hufa Kiangazi

Wengi hudhani ya kuwa waipa za gari huharibiwa na mvua. Sivyo. Hapa Mwanza adui wake ni jua na vumbi la kiangazi, tangu Juni hata Septemba. Jua hukausha mpira ukapasuka. Na waipa ikipita juu ya kioo kikavu, vumbi hula ukingo wa mpira na kukwaruza kioo.

Yafaa basi kila dereva aupanguse mpira kwa kitambaa chenye maji kila wiki. Wadudu wa ziwani wakiganda kiooni, awaoshe kwa maji na sabuni kwanza. Mpira ukiwa mgumu, umechanika au waacha michirizi, anunue mwingine wenye urefu ule ule kabla ya vuli.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mabasi huvuka ghuba bila kungoja kivuko. Mvua ya ziwani ikilikuta basi katikati ya kilomita zile 3, dereva asiyeona mbele atafanya nini? Rangi na maandishi ya kupendeza ubavuni havitatuokoa sisi wanafunzi tuliomo ndani.

Wazazi, tazameni waipa kabla ya kutupandisha. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini yakisha kutanda, duka li mbali.