KAZI ZA MIKONO: Nguo Inayotunza Mvua ya Mwaka

Mji wa Eldoret umejuana na nyuzi kwa muda mrefu. Kiwanda cha Rivatex, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kilipata kufungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na baada ya kutiwa mitambo mipya kikafunguliwa tena mwaka 2019. Lakini mbali na mitambo, iko kazi ndogo ya mikono inayomfaa kila mwenye kitanda cha mfumi nyumbani kwake. Nayo ni kufuma nguo ya kutundika ukutani ambayo mpango wa rangi zake hauamuliwi na mfumaji, bali huamuliwa na hali ya hewa.

Kazi hiyo si ngeni duniani. Mwaka 2017, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ulianzishwa mpango uitwao Tempestry Project, ambao kwao watu hufuma kwa sindano mstari mmoja kwa kila siku ya mwaka, na rangi ya mstari hufuata joto la siku ile. Katika nchi zenye majira ya theluji na majira ya joto, nguo ya namna hiyo hubadilika sana toka mwanzo hata mwisho.

Mfumaji wa Eldoret akiiga desturi hiyo bila kufikiri, atapoteza kazi yake bure. Mji huo u karibu na Ikweta, nao umeinuka kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari. Joto la mchana wa Januari na la mchana wa Julai hupishana kwa digrii chache tu. Nguo yake itakuwa karibu rangi moja kama gunia. Kinachopambanua mwezi na mwezi katika Uasin Gishu ni mvua. Desemba hata Februari ni kiangazi. Mvua huanza Machi au Aprili, na kwa kawaida huendelea mpaka Septemba. Tena mvua ndiyo inayoamua habari za unga, kwa kuwa mahindi ya huko hupandwa mara moja kwa mwaka, mvua inapoanza. Basi na ihesabiwe mvua.

Kwanza mfumaji apate kipimo cha mvua, akiweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa la nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi akisome na kuandika daftarini. Kisha apange rangi zake kabla ya mwaka kuanza, mathalani: siku isiyo na mvua, rangi ya hudhurungi; mvua isiyofika milimita 5, kijivu; toka milimita 5 hata 20, buluu nyepesi; na zaidi ya hapo, buluu ya nili.

Rangi nyingine zapatikana karibu. Magome ya muwati, mti uliopandwa sana katika sehemu hizo kwa ajili ya viwanda vya ngozi, yakichemshwa hutoa hudhurungi. Maji hayo hayo yakitiwa misumari yenye kutu hugeuka kuwa ya kijivu, hata meusi. Nili haina budi kununuliwa. Sufu itiwe majini polepole, wala isikorogwe kwa nguvu katika maji ya moto, isije ikashikamana na kuharibika. Kwa kuwa hakuna ajuaye mvua itakayonyesha, ni vyema kuweka akiba ya sufu nyeupe, na kuandika uzito wa magome, wa maji na wa sufu, ili rangi itakayotengenezwa Agosti isitofautiane mno na ile ya Aprili.

Mtande ukiisha kutandikwa, kila siku hupewa mshindio mmoja. Uzi mnene ukijaza milimita 4, siku 365 zitafanya nguo ya urefu wa mita 1 na sentimita 46.

Hapo ndipo penye jaribu kubwa la kazi hii. Aprili ikipita bila mvua, nguo itaonyesha hudhurungi tupu mahali ambapo jicho lilitazamia buluu, na mkono utatamani kuingiza uzi wa nili ili nguo ipendeze na mnunuzi avutwe. Afanyaye hivyo amepata pambo, lakini amepoteza ushahidi. Katika mwaka kama huo mbegu hukauka ardhini na mkulima hulazimika kununua nyingine. Na baada ya miaka kumi watu hubishana barazani, huyu akisema mvua ilichelewa wiki mbili, yule akisema mwezi mzima. Nguo iliyofumwa kwa haki hukata ushindani huo, kwani yeyote aweza kuhesabu mishindio kwa kidole, hata asiyejua kusoma.

Yafaa ikumbukwe kwamba nguo moja ni habari ya mwaka mmoja tu, wala haitoshi kueleza kwamba tabia ya nchi imebadilika. Ubora wake huonekana zaidi zikitundikwa tano au kumi pamoja, mwanzo wa Januari ukilingana katika zote. Kwa sababu hiyo anayetaka kuuza na auze, lakini daftari la mvua abaki nalo, na rangi alizozipanga mwaka wa kwanza asizibadili.