Tuhamie Kahama?

Mwezi huu twataka kuzungumza na wale ambao waume zao wamerudi nyumbani na habari kwamba kuna kazi Kahama au Geita, na sasa maneno yamekuwa mengi chumbani. Je, twende wote? Au baba atangulie, watoto wabaki kwa bibi yao? Twaulizwa swali hili mara kwa mara, wala hatushangai, kwa maana nchi ya dhahabu imeanza kubadilika.

Kwa miaka mingi kazi ya huku ilikuwa kuchimba na kusafirisha tu. Mtakumbuka Machi 2017, Serikali ilipozuia makinikia yasipelekwe nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Neno hilo likaingia hata katika masoko ya nyanya. Makinikia ni ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuchujwa, wenye dhahabu, shaba na fedha ndani yake, ambao ulikuwa ukienda kuyeyushwa katika nchi za watu. Mwaka huo huo sheria zilibadilishwa ili madini yaongezwe thamani hapa hapa nchini. Machi 2019 Geita ikapata soko lake la dhahabu. Juni 2021 Mwanza ikafunguliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu. Na pale Buzwagi, kando ya mji wa Kahama, mgodi ulioanza mwaka 2009 ulipofikia mwisho wake mwaka 2021, eneo halikuachwa liwe pori. Lilitengwa kwa ajili ya viwanda. Hapo ndipo panapokusudiwa kusafishwa nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na leseni ya kiwanda hicho ilitolewa mwaka 2024.

Nikeli si mgeni jikoni. Zile sufuria nzito zinazong'aa, zisizoshika kutu, nyingi zina nikeli ndani yake. Siku hizi hutafutwa pia kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Njia iliyochaguliwa kwa Kahama si ya tanuru, bali ya kuyayeyusha madini katika maji yenye joto na shinikizo kubwa, nayo haitoi moshi mwingi wa salfa kama matanuru ya zamani. Panapojengwa kiwanda cha namna hiyo huhitajika pia maabara za kupima sampuli, mafundi wa kuchomelea, washonaji wa mavazi ya kazi, wapishi. Lakini leseni si kiwanda, wala tangazo si mshahara. Mama asiuze cherehani yake kwa sababu ya habari za redioni. Kwanza aone barua ya kazi ya mumewe, asome na masharti yake.

Katika barua hiyo sisi tungeangalia jambo moja kabla ya kiasi cha mshahara: je, baba atalala nyumbani?

Kazi nyingi za migodini ni za zamu: majuma kadhaa kambini, kisha siku chache nyumbani. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinawataja wachimbaji wa kale wakifanya kazi mbali na makao ya watu, na hadi leo ndivyo ilivyo sehemu nyingi. Sisi tulio kwenye zahanati twayaona matokeo. Mama huja na ujauzito akiwa peke yake, na tukimwuliza habari za mume atasema yuko kambini, hajui atarudi lini. Baba naye huko aliko ana fedha mfukoni na jioni ndefu isiyo na watoto. Hatusemi kila mwanamume ataanguka. Twasema nyumba nyingi zimejaribiwa kuliko ilivyokuwa lazima. Ndiyo maana Buzwagi yatupendeza kuliko kambi za porini. Ipo mjini, pana shule, soko na makanisa, na mtu anaweza kutoka kazini akala ugali na wanawe.

Tena Shinyanga si ile ya zamani. Kulikuwa na wakati watu waliiita jangwa, na mama aliamka usiku kwenda kuchota maji. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria husukumwa kutoka Ihelele mpaka Kahama na Shinyanga mjini. Miti nayo imerudi, kwa mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 na kuwahimiza Wasukuma kuzifufua ngitili zao, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Na kwa wenzetu wa Geita, tangu Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, na mgonjwa anayekimbizwa Bugando hangoji tena kivuko. Aliyewahi kukaa ng'ambo usiku na mama mwenye uchungu wa kuzaa anajua thamani ya kilomita zile tatu.

Basi, kama baba atalala nyumbani, jibu letu ni nendeni wote. Lakini nyumba msiichague kwa bei peke yake. Pembezoni mwa miji hii pana mialo na plenti za wachimbaji wadogo, ambako dhahabu hunaswa kwa zebaki. Donge lile likichomwa, zebaki hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Huingia kwa pumzi, hufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Twasikitika kusema wapo wanaoichoma jikoni, kwenye jiko lile lile la kupikia uji, eti kwa kuogopa wezi. Kama jirani wa ukuta kwa ukuta ndiyo kazi yake, tafuteni nyumba nyingine, hata kama kodi ni nafuu. Nguo za kazini zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi. Zebaki isiwekwe ndani hata kwa usiku mmoja.

Ulizeni pia bwawa la tope la mgodi liko upande gani. Novemba 2022 kingo za bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, lakini waliokuwa chini ya mteremko walipoteza vitu vyao. Na baba anayefanya kazi penye vumbi la mawe akikohoa majuma mawili, asipewe tangawizi tu. Apelekwe akapimwe makohozi.

Wale ambao barua zao zinasema kambini, msitengane kimya kimya. Kaeni wawili, mkaandike tarehe za kurudi na kiasi kitakachotumwa kila mwezi, na mkapime virusi vya UKIMWI pamoja kabla ya safari na kila likizo ndefu. Mume mwema hataona haya kufanya hivyo.

Na mnaohama mwezi huu, kadi za kliniki za watoto msizifungie chini ya sanduku. Zikae kwenye mkoba wa mama. Chanjo iliyoanzwa Mwanza huendelezwa Kahama bila shida, mradi muuguzi aone tarehe.